Zawadi ya Mche wa Mgomba

Mwezi huu tunazungumza juu ya zawadi ambayo wengi wetu hapa Nguvumali tumewahi kuipokea: mche wa mgomba. Mama akienda kumtembelea mkwe au wifi, harudi mikono mitupu. Hufungiwa mche pamoja na majani yake, akaupanda nyuma ya nyumba, pale yanapomwagwa maji ya vyombo.

Siku moja mwenzetu alituita tukauone mgomba wake wa zawadi. Majani ya chini yalikuwa yamekauka kama yaliyobabuka kwa moto, na mkungu ulianza kuiva kabla ndizi hazijanenepa. Tulipochungulia chini ya majani yaliyobaki, tuliona vistari vya kahawia, vingine vimekwisha kuwa vyeusi.

Ugonjwa huu huitwa Sigatoka nyeusi, nao huletwa na kuvu. Ulitambuliwa Fiji, katika bahari ya Pasifiki, mwaka 1963. Mwaka 1987 ukaonekana Pemba, ng'ambo tu ya Tanga yetu. Baadaye ukafika Unguja, pwani ya Tanzania Bara na Kenya, na muda si mrefu hata Uganda. Mbegu za kuvu hii ni ndogo mno. Upepo na mvua huzitoa mgomba huu hadi ule. Lakini safari ndefu mara nyingi tunaisaidia sisi wenyewe, kwa miche yenye majani na kwa majani ya kufungia mizigo.

Ndizi zenyewe hazimdhuru mlaji. Hasara ni kwamba jani ndilo jiko la mgomba. Likikauka, mkungu haujai, na watoto hukosa chakula.

Je, tukatae zawadi? La, mama. Pokea kwa mikono miwili, lakini kwanza yatazame majani ya mgomba mama. Kata majani yote ya mche hukohuko shambani, uondoe udongo na mizizi, ndipo usafiri nao. Nyumbani, panda kwa nafasi, palilia, weka samadi, na kila wiki kata sehemu za majani zilizougua. Zipo pia aina zinazouhimili ugonjwa huu, kama FHIA-17 kutoka Honduras, ambayo wakulima wa Kagera waligawiwa kuanzia miaka ya mwisho ya 1990.

Mwenzetu aliona haya kumweleza wifi yake, asije akadhani anaidharau zawadi. Tukamwambia, "Mweleze kwa upole. Huenda naye migomba yake inaumwa na hajui." Alikwenda, akamweleza. Wifi akashusha pumzi, akasema, "Kumbe! Mimi nilidhani ni jua tu." Siku hiyohiyo waliingia mgombani wote wawili, na panga mkononi.

Basi mama, leo jioni ukimwaga maji ya vyombo, inua jani moja ulitazame kwa chini.