Pikipiki inakurusha? Anza na waya, malizia na mkono wako

Wiki hii habari za wachumba tunaziweka pembeni. Kuna kitu kimenikuta, na najua wengi mnacho ila mnavumilia tu.

Mwenzenu nina pikipiki ya sisi 125, nimeinunua kwa mtu, si dukani. Ikishachanganya barabarani inakwenda bomba. Kasheshe ni kwenye foleni na matuta. Ukifungua mafuta kidogo, kimya. Ukiongeza kidogo, inachomoka kama mbuzi aliyekata kamba. Ukifunga, inakutupa mbele. Mimi nikajipa moyo eti ndiyo injini yenye nguvu hiyo.

Siku ya siku nikampakia bi mkubwa, tunatoka Sinza kwenda sokoni Tandale. Magoti yanamsumbua, kugombania daladala hawezi tena, kwa hiyo usafiri wake ni mimi. Tukamaliza tuta, nikafungua mafuta, chombo kikaruka. Mama akabaki ananing'inia kwenye koti langu kwa mkono mmoja. Hakuanguka, Mungu mkubwa. Lakini alishuka palepale, akafunga khanga yake vizuri, akasema: "Baba, nenda na punda wako. Mimi natembea." Na kweli akatembea na magoti yake yale, mimi nyuma yake polepole kama mtu aliyefukuzwa nyumbani.

Jioni nikaenda kwa fundi. Wa kwanza hata hakuigusa, akasema kabureta imekufa, lete hela ya mpya. Wa pili, mzee mmoja wa kijiweni, aliushika tu mpini wa mafuta akauchezesha. Akacheka. "Huu waya umelegea hivi, unalaumu kabureta ya nini?"

Nikafundishwa, na mimi nawapa bure. Mpini unavuta waya, waya unafungua kabureta, injini inavuta cheni, cheni inavuta tairi. Kila penye ulegevu nguvu inasubiri kwanza, halafu inafika kwa kishindo. Ndiyo huko kurushwa.

Kwa hiyo anza na waya. Zungusha mpini taratibu uone unatembea kiasi gani kabla waya haujaanza kuvuta. Pikipiki nyingi zinataka milimita 2 hadi 6, kitabu chake kitakwambia. Ukizidi, legeza nati ndogo ya kwenye waya, rekebisha, kaza tena. Lakini usiubane kabisa! Washa injini, kata usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Sauti ikipanda yenyewe, waya umebana au umepita vibaya, na hiyo ni hatari kuliko kurushwa. Waya ukiwa mgumu au umeanza kuchanika nyuzi, usihangaike nao, weka mpya.

Pili, cheni. Zima injini, weka gia huru, ipandishe na kuishusha kwa kidole katikati, upande wa chini. Kwa pikipiki ndogo nyingi ulegevu wake ni kama milimita 20 hadi 30. Zungusha tairi upime sehemu kadhaa, maana cheni haichakai sawasawa. Ukivuta tairi nyuma, hesabu ya kulia na kushoto iwe moja, na ukimaliza uangalie breki ya nyuma, kwani nayo huwa inabadilika. Cheni iliyobana sana inakula beringi. Hapohapo shika spoketi ya nyuma uitikise mbele na nyuma. Ikicheza sana, raba zilizo ndani ya habu zimekwisha.

Hivyo vyote vikiwa sawa na bado inarusha, sasa ndiyo tuzungumze kabureta: silensa iliyo chini mno, kitundu kidogo cha mafuta kilichoziba, kilina chafu, au raba ya kati ya kabureta na injini iliyopasuka ikavuta hewa ya wizi. Fundi akikizibua kitundu hicho kwa sindano, mkataze, atakipanua. Kinapulizwa kwa upepo.

Ya mwisho haina spana: mkono wako. Mimi nilikuwa nafungua mafuta kama nafungua bomba la maji. Shika mpini kwa ulaini, kiwiko kishuke, kidole gumba kiegemee kwenye boksi la swichi ili tuta lisiutingishe mkono. Kwenye foleni tumia nusu klachi na uguse breki ya nyuma kidogo, cheni ibaki imevutika. Ukitoka kwenye tuta, ondoa kwanza ule ulegevu taratibu, ndipo uongeze mafuta.

Mimi dawa yangu ilikuwa waya na cheni, basi. Hela ya kabureta mpya imebaki mfukoni.

Bi mkubwa aligoma wiki mbili nzima. Jumamosi iliyopita nikambembeleza, akapanda, kanishika koti kwa mikono yote miwili. Tukapita tuta lilelile, nikasikia kimya. Tulipofika Tandale akauliza: "Umenunua nyingine?" Nikamwambia hapana mama, ni punda yuleyule. Akasema kumbe mbaya hakuwa punda.

Nyie acheni tu. Tukutane wiki ijayo, na kofia uvae wewe na abiria wako.