Lumbesa inamaliza breki

Kila msimu wa viazi, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, ikizungumziwa husemwa kwamba inamwibia mkulima. Inatuibia kweli. Lakini mimi ninayelima viazi Uwemba, Njombe, na kuviteremsha sokoni kwa pikapu yangu yenye tela nyuma, naomba tuitazame pia tukiwa barabarani. Gunia lenye kilemba ni mzigo ambao dereva hajui uzito wake, na asiyejua uzito wa mzigo hajui gari lake litasimama wapi.

Ninapopandisha mbolea kutoka mjini, kila mfuko umeandikwa kilo 50. Mifuko 20 ni tani moja, hesabu imekwisha. Viazi vinaposhuka, hesabu hiyo inapotea. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Shambani linashonewa kilemba mpaka linafika 130, pengine zaidi, na bado linaitwa gunia moja. Chukua pikapu yenye magunia 8 na tela lenye 15. Kwa kilo 100 ni tani 2 na kilo 300. Kwa lumbesa ya 130 zimeongezeka kilo 690, na idadi ya magunia haijabadilika. Ni kama watu wazima kumi wamepanda juu ya mzigo wala hakuna aliyewaona.

Pikapu nyingi za huku zimeundwa kubeba takriban tani moja. Kwa kuvuta zina nguvu zaidi. Hilux mpya za dizeli zinaruhusiwa hadi tani 3 na nusu, na vijana wa kupakia wanalijua hilo. "Mama, ongeza tu, hili la Mjapani halichoki." Wanangu, injini haichoki, nakubali. Ila hizo tani 3 na nusu ni za tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, gari hilohilo mwisho wake ni kilo 750. Na matela mengi ninayopishana nayo yamechomelewa mtaani kwa ekseli kuukuu, hayana breki kabisa, halafu yanapakiwa karibu tani 2.

Wengi huogopa kupanda mlima na tela. Mimi naogopa kuteremka. Breki husimamisha gari kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Tela lisilo na breki linasukuma kutoka nyuma, breki za pikapu zinafanya kazi ya vyombo viwili, mafuta ya breki yanachemka, na pedeli inazama chini bila kushika kitu. Wenye malori wanaoshuka mteremko wa Kitonga taratibu kwa gia nzito si waoga: wameiachia injini kazi ya kulizuia gari, breki wamezitunza kwa dharura. Mwenye pikapu anawapita, tena wengine wanatoa gia kabisa ili gari liteleze na kuokoa dizeli. Mimi nashuka kwa gia ya pili, na wanaopiga honi nyuma yangu waendelee kupiga.

Upakiaji nao una siri yake. Gunia la kilo 130 haliburutiki kirahisi, kwa hiyo vijana wanaliacha pale lilipopandia, nyuma ya tela. Nyuma kukizidi, mkono wa tela unanyanyuka pale ulipofungwa kwenye pikapu, na ukishika kasi tela linaanza kuyumba kushoto na kulia. Mbele kukizidi mno, pikapu inachuchumaa nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii. Kinachofaa ni mkono wa tela kukandamiza kwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela, au zaidi kidogo, maana yake mzigo mwingi ukae mbele ya ekseli. Utapimaje sehemu ya kumi ya kitu usichokijua? Na tela likiyumba, msikanyage breki kwa nguvu. Ondoeni mguu kwenye mafuta, shikeni usukani sawasawa, mwendo upungue wenyewe.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inayataka magari ya kuanzia tani 3 na nusu yapite mizani. Pikapu na tela lake, vikiwa na ile lumbesa, vinavuka kiwango hicho, lakini sijaona vikiitwa. Trafiki wanakagua leseni na bima, wanatuachia. Getini kwenye ushuru huwa wanahesabu magunia, na anayehesabiwa kwa magunia atayanenepesha.

Kwa hiyo naiomba halmashauri yetu iweke mizani katika kila kituo cha kukusanyia viazi, na ushuru utozwe kwa kilo. Wakala wa Vipimo wafike mashambani wakati wa kuvuna, kabla sindano haijashona kilemba. Polisi wa usalama barabarani waanze kuuliza swali moja tu kwa kila tela: breki zako ziko wapi? Mafundi wa kuchomelea wanaweza kufunga breki zinazojikaza tela linaposukuma mbele. Kifaa hicho si kigeni kwao, wateja ndio hawakiagizi kwa kuwa hakuna anayewadai. Na kila tela liandikwe ubavuni, kwa rangi inayosomeka, mwisho wa kilo zake.

Wanunuzi wanaokuja kwangu wanajua utaratibu. Viazi vinapimwa kwanza. Asiyetaka kupimiwa atafute gari jingine.