Mgeni njoo, wenyeji wapone

Wakfu wa hisani unapoajiri mkuu mpya wa maendeleo ya jamii, habari zake hutangazwa kwa namna moja tu. Tunaelezwa shahada alizo nazo, mashirika aliyopitia, na jinsi anavyonuia kuinua hali ya wananchi katika eneo lote. Miezi michache baadaye tunamwona tena pichani, akikata utepe penye kisima au zahanati mpya. Swali lisiloulizwa siku hiyo ni hili: je, mwaka ujao maji yatakuwa yakitoka hapo?

Huenda msomaji akashangaa daktari anajihusisha vipi na uajiri wa mashirika. Sababu ni kwamba maradhi mengi tunayotibu hayaanzii hospitalini. Mtoto huletwa akiwa amelegea kwa kuharisha. Tunampa maji ya chumvi na sukari pamoja na vidonge vya zinki, anapata nafuu, kisha tunamrudisha nyumbani akanywe maji yale yale yaliyomleta. Dawa yangu haifiki kisimani. Anayeweza kumwepusha mtoto huyo na safari ya pili ni yule mkuu wa maendeleo ya jamii, iwapo anaifahamu kazi yake.

Jambo hili si geni. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulitaja maji safi na usafi wa mazingira miongoni mwa nguzo za afya ya msingi. Mkutano huo pia ulisema kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma zao za afya. Kushiriki katika kupanga ni zaidi ya kuitwa kupiga makofi siku ya ufunguzi.

Humu nchini tunao mfano wa kufaa. Katika miaka ya 1980, Kwale ilikuwa uwanja wa majaribio ya pampu za mkono, kwa usaidizi wa Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na Sweden. Pampu za aina ya zamani zilikuwa nzito, na zikiharibika ilibidi wanakijiji wangoje gari na mafundi kutoka mbali. Shirika la KWAHO lilipeleka wafanyakazi wa jamii kuketi na wenyeji na kuzungumza nao. Kamati za maji zikaundwa, kina mama wakashika nyadhifa na hazina, na wakafunzwa kuifungua pampu na kubadilisha vipuri. Pampu aina ya Afridev, iliyotokana na majaribio hayo na mengine yaliyofanywa Malawi, iliundwa kwa kusudi hilo: iwe nyepesi, na mwanakijiji aweze kuirekebisha kwa spana moja.

Hata hivyo, kamati pekee haitoshi. Waliofunzwa huzeeka au huhama. Vipuri hukosekana dukani. Fedha zilizochangwa huishia kwenye shida nyingine, kama vile mazishi au karo. Pampu ikishanyamaza, hunyamaza kwa muda mrefu.

Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia vifaa vidogo vya kupeleka habari kwa njia ya simu ndani ya mikono ya pampu huko Kyuso, Kitui. Matumizi ya pampu yakikoma, fundi anajua na kuifuata. Muda wa kungoja ukarabati ulipungua kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku tatu. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya mafundi iitwayo FundiFix, ambayo imehudumu Kitui na Kwale kwa kutegemea ada ya watumiaji pamoja na ruzuku ya mfuko maalumu wa ukarabati.

Kwa mhandisi, siku 27 ni kuchelewa. Kwa mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja, ni karibu mwezi mzima wa kurudi kidimbwini, na siku chache tu zatosha mtoto kuugua.

Basi, mkuu mpya wa wakfu afanye nini? Kwanza, kabla ya kuchimba kisima kipya, ahesabu vile vilivyopo katika eneo lake na aulize kila kimoja kimekosa maji kwa siku ngapi mwaka huu. Pili, atenge fedha za mfuko wa ukarabati, maana hapo ndipo shilingi ya hisani huzaa zaidi. Tatu, asiajiri kikosi chake cha kujitolea chenye fulana za wakfu. Tangu Septemba 2023 nchi hii ina wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja akiwa na takriban nyumba 100 za kutembelea, kwa marupurupu ya shilingi 5,000 kwa mwezi yanayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Hao ndio wanaojua ni nyumba gani ina mtoto anayeharisha. Aanze kwa kuwasikiliza.

Wapo watakaosema kwamba wafadhili hawatoi pesa zao kununulia vipuri. Wanataka jengo lenye jina lao ukutani. Ni kweli kwamba mtoaji ana haki ya kuona matunda ya mchango wake. Basi aonyeshwe daftari la pampu: siku ngapi ilifanya kazi na siku ngapi haikufanya. Daftari hilo litamweleza mengi kuliko kibao cha marumaru.

Jambo hili ni la dharura sasa. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje mnamo Januari 2025, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Pengo hilo ni kubwa mno kwa wakfu wowote kuliziba. Wakuu wa mashirika ya hisani watashawishika kugawa kidogo kila mahali ili waonekane wamefika. Matokeo yatakuwa miradi mingi isiyo na mwenyewe.

Nasi wakazi wa mijini tusijitoe. Ndio tunaochanga kwenye harambee za mashambani kwetu, na baadhi yetu huketi kwenye bodi za wakfu hizi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija na mradi wake, kabla hatujatia mkono mfukoni tumwulize nani atautengeneza ukiharibika, kwa pesa za nani, na baada ya siku ngapi. Akishindwa kujibu, mchango wetu usubiri.