Kama Hukipendi, Zima Redio

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila niisikiapo hunichoma. Sentensi yenyewe ni hii: "Kama hukipendi kipindi, zima redio yako." Husemwa na watu wazima, wenye akili zao timamu, na mara nyingi ni wale wanaokipenda kipindi chenyewe kupita kiasi. Mtu akithubutu kutamka kwamba kipindi fulani kimekosea mahali, papo hapo si mwenzao tena. Ataitwa mjuaji. Ataitwa mchonganishi. Na ikiwa alikuwa mwalimu kama mimi, ataambiwa kwamba amestaafu yeye tu, kalamu yake nyekundu bado iko kazini.

Nataka kuipinga sentensi hiyo, na sitaipinga kwa upole. Nashikilia kwamba mpenzi wa kipindi ndiye mwenye wajibu wa kukikosoa kabla ya mtu mwingine yeyote. Anayekisifu tu, wiki baada ya wiki, hakisaidii kwa lolote.

Mfano wangu ni kipindi nilichokipenda mno, nacho ni Twende na Wakati. Walio na umri wangu hawana haja ya kukumbushwa, lakini vijana wanaosoma maneno haya huenda hawakuwa wamezaliwa. Ulikuwa mchezo wa kuendelea, ulioanza kutangazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Shabaha yake ilikuwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI bila kutuketisha darasani. Humo ndimo alimokuwamo Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu aliyeyabeba yote hayo nyumbani. Utungaji wa namna ile ulikuwa umetoka mbali. Mtu mmoja wa Mexico, Miguel Sabido, alikuwa ameutumia katika michezo ya televisheni ya kwao tangu miaka ya 1970: humo wamo wahusika wema wa kuigwa, wabaya wa kuogopwa, na wale walio katikati, wanaoyumba kama tunavyoyumba sisi, mpaka wanapofanya uamuzi.

Nami nasema bila kigugumizi kwamba kipindi kile kilifanya kazi kubwa. Nilikuwa mwalimu mkuu katika mji mdogo kandokando ya barabara kuu, mahali ambapo malori yalilala usiku. Nilishuhudia watu wakizianika betri juani mchana ili jioni zitoe sauti kwa nusu saa tu. Niliwasikia wanaume ambao hawakuwahi kulitamka neno kondomu mbele ya mtu wanayemheshimu wakibishana waziwazi kama Mkwaju angepona lau angeitumia. Baba mkwe na mkwewe waliweza kumjadili Mkwaju, na kumbe walikuwa wanajijadili wenyewe bila kuvunjiana heshima. Semina zetu zilikuwa hazijafika hapo.

Basi, ni katika mji uleule ambamo jambo lililonifanya nishike kalamu lilitokea. Palikuwa na mtoto mmoja wa darasa la tano ambaye baba yake alikuwa dereva. Baba aliugua muda mrefu, akakonda, akafa. Wiki ileile mtoto aliporudi shuleni na utepe mweusi kifuani, wenzake walikuwa wameshampa jina: Mtoto wa Mkwaju. Lilianza uwanjani, likaingia darasani, likafika kisimani. Miezi michache baadaye mama naye alianza kuugua, mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua stendi na asiyejulikana kwa lolote ila vitumbua vyake. Wateja wakapungua. Wakasema, mke wa Mkwaju huyo.

Nililikemea jina hilo mstarini, na viranja wakaagizwa kuliandika kila litakapotamkwa. Watoto wakalinyamazia mbele yangu. Lakini nani angewakemea wazazi wao?

Siwalaumu watunzi wa mchezo kwa ukatili wa mji wetu. Tabia ya kumtafutia mgonjwa jina ilikuwapo kabla yao. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, watu wa huko waliupa ugonjwa jina la Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikitoka Uganda, na kwa jina hilo wakajihakikishia kwamba ni ugonjwa wa wafanya magendo na wanawake wao. Sisi wengine tukawa salama! Hivyo ndivyo binadamu alivyo. Hata hivyo, mtunzi anapompa ugonjwa yule mhusika aliyemchora kuwa mbaya kuliko wote, huku nyuma msikilizaji humalizia hesabu mwenyewe. Mkwaju aliugua kwa sababu ni Mkwaju. Kwa hiyo kila anayeugua ni Mkwaju. Hesabu hiyo si sahihi, lakini ni nyepesi, na jambo jepesi halihitaji mwalimu.

Niliandika barua ya kurasa mbili. Sikusema kipindi ni kibaya. Nilieleza nilichokiona katika shule yangu, nikaomba sauti ya mtu mwema aliyeupata ugonjwa akiwa nyumbani kwake isikike kwa nguvu ileile ya sauti ya Mkwaju. Kabla sijaituma niliwasomea wenzangu ofisini. Mwalimu mmoja, rafiki yangu mkubwa, msikilizaji asiyekosa hata siku moja, alikunja uso. "Mwalimu Mkuu," aliniambia, "hawa watu wanajitahidi kutuokoa, nawe unawatafutia makosa? Kama hukipendi, zima redio."

Hoja yake ya kwanza haikunisumbua. Kuzima redio wakati ule kulikuwa ni nini? Sheria iliyofungua milango kwa redio za binafsi ilipitishwa mwaka huohuo wa 1993, na Radio One ikaanza mwaka 1994, tena haikutufikia siku ile ile. Kijijini ulikuwa na Radio Tanzania, na usiku ukipapasa ulizipata idhaa za nje. Aliyezima alibaki na chura na mbu. Na hata leo, ambapo stesheni zimejaa kama nyota, ushauri ule ni wa hovyo, maana unamwambia anayejali aondoke na asiyejali abaki.

Hoja yake ya pili ilikuwa nzito zaidi, nami naiheshimu. Alisema kwamba kipindi kina maadui. Ni kweli kilikuwa nao: wapo waliodai kwamba kuzungumzia kondomu redioni ni kuwafundisha watoto uasherati, na walilisema hilo kwa sauti kubwa. Rafiki yangu aliogopa kwamba neno langu lingewapa silaha. Watu wengi wema hunyamaza kwa hofu ya namna hii, si katika habari za redio peke yake.

Lakini tuitazame vizuri. Adui wa kipindi hakuhitaji silaha kutoka kwangu, kwa kuwa hakuwa akikisikiliza. Alijua neno moja tu, kondomu, na neno hilo lilimtosha kwa mwaka mzima. Hakujua Tunu amepita katika yapi. Asingeweza kuona kasoro niliyoiona mimi hata angelipwa, kwa sababu ili uione ilikubidi uwe umefuata kisa tangu mwanzo na uwe umewatazama wanaokisikiliza. Wapenzi wanaponyamaza, lawama yote huachiwa watu wa namna hiyo, na watayarishaji nao huzoea kuamini kwamba kila anayelaumu ni adui. Hapo ndipo wanapoziba masikio, na nani atawashangaa?

Kuna jambo jingine kuhusu kipindi hiki ambalo nililifahamu baadaye sana, na linanishawishi kuliko hoja zote. Ili kupima kama mchezo unabadili mienendo ya watu, mkoa wa Dodoma uliwekwa kando. Kuanzia mwaka 1993 hadi 1995, wakati nchi nzima inamfuata Mkwaju, mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vingine kwa muda huo, ili watafiti waweze kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Mtaalamu wa Marekani, Everett Rogers, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo kuhusu uzazi wa mpango mwaka 1999, nayo yalionyesha kwamba mchezo ulikuwa umefanya kazi. Baada ya 1995 Dodoma nao walirushiwa.

Mimi ni mwalimu. Naelewa maana ya jaribio. Ukitaka kujua kama mbolea ni nzuri, huna budi kuacha tuta moja bila mbolea. Isitoshe, bila kipimo kile wakubwa wasingeamini kwamba mchezo wa redio unaweza kuokoa mtu. Yote hayo nayakubali. Hata hivyo, miaka miwili ni miaka miwili, na maradhi hayakuwa yanasubiri hesabu zikamilike. Sasa namuuliza rafiki yangu, na wote wenye fikra kama zake: ni nani angeumia moyoni kwa ajili ya Dodoma? Si yule aliyekichukia kipindi. Huyo angefurahi kusikia kwamba kuna mkoa umenusurika. Ni yule tu aliyeamini kwamba kipindi kinaokoa ambaye angeweza kuuliza kwa nini watu wa Dodoma wanyimwe. Swali kama hilo haliwezi kutoka popote pengine ila kwa mpenzi. Je, naye aambiwe azime redio?

Tena watafiti hupata majibu ya maswali waliyouliza. Waliuliza umesikiliza mara ngapi, unatumia njia gani, una wenzi wangapi. Ni maswali ya maana. Lakini dodoso halina mstari wa jina la mtoto wa darasa la tano. Jambo ambalo hakuna aliyefikiri kuliuliza huja kwa barua ya mtu aliyeliona, na barua hiyo haiji kama mwandishi ameshaambiwa kwamba kuiandika ni usaliti.

Hapa sina budi kuwagusa wenzetu wa salamu, hata wakinuna. Najua raha ya kusikia jina lako likitajwa redioni. Nami nilituma kadi za salamu nikiwa kijana, na orodha yangu ya ndugu na marafiki ilikuwa ndefu. Siku hizi ni simu. Mtangazaji anauliza: mada yetu ya leo umeionaje? Mpigaji anajibu: "Kwanza nawapongeza kwa kipindi kizuri, pili naomba niwasalimie." Mada imekwisha hapo. Mtangazaji anashukuru, anapokea simu nyingine, pongezi nyingine. Nimesikiliza saa nzima ya namna hiyo bila kuambulia wazo moja. Kisha tunalalamika kwamba vipindi vya redio vimekuwa vyepesi.

Waingereza wana mchezo wao wa redio, The Archers, habari za familia za wakulima, unaotangazwa nchi nzima tangu Januari 1951. Mwanzoni nao ulikuwa na somo ndani yake, somo la kilimo bora baada ya vita. Septemba 1955 watunzi walimuua mhusika mmoja, Grace, katika moto wa zizi la farasi, na wasikilizaji wakawaka kwa simu na barua. Wameendelea kunung'unika hadi leo, kizazi baada ya kizazi, na mchezo ungalipo hewani.

Sisemi kwamba kila kelele ni ukosoaji. Anayelaumu kipindi alichosimuliwa na jirani hana haki ya kusikilizwa. Anayemtukana mwigizaji njiani kwa maovu ya mhusika wake anahitaji kuelimishwa, na pengine kuadhibiwa kidogo. Kadhalika yule anayetaka kisa kiende apendavyo yeye kwa sababu tu amekisikiliza miaka kumi. Mimi sikutaka Mkwaju aokolewe. Alikufa, na kwa mtindo aliokuwa akiishi, mtunzi alikuwa na haki ya kumuua.

Lakini kipindi kilichojipa kazi ya kutukosoa sisi, kikaingia mpaka chumbani kwetu na kutuuliza tunalala na nani, hakiwezi kudai kwamba chenyewe kisiulizwe kitu. Sidhani hata kwamba watayarishaji walidai hivyo. Waliodai ni wapenzi, kwa niaba yao, bila kutumwa.

Rafiki yangu yule bado yu hai, na tukikutana huwa tunabishana kwa furaha. Redio za binafsi zilipoanza kusikika vizuri katika mji wetu, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kununua redio mpya, akaisogeza sindano yake hadi kwenye muziki, na huko ikakaa. Siku moja nilimwuliza Twende na Wakati imefikia wapi. Akanijibu kwamba ilikuwa imemchosha, visa vilikuwa vikijirudia, akaacha.

"Uliwaandikia kuwaeleza?" nikamwuliza.

"Ya nini, Mwalimu?" akasema. "Si nilizima tu."