Mcheza Kwao Hutuzwa

Tuzo ni shukrani itolewayo hadharani. Mtoaji hudhani kuwa anampima mshindi, kumbe hujipima mwenyewe, maana watu wote huona anachokithamini. Kwa hiyo tuzo ya tasnifu za udaktari haiishi katika karamu na makofi. Nchini Marekani, tawi la saikolojia ya makundi katika Chama cha Wanasaikolojia cha nchi hiyo hutuza tasnifu bora ya elimu hiyo. Desturi hiyo ni njema, na uwanda wa kati wa Tanzania wastahili kuwa na ya kwake. Walakini ikiletwa Dodoma pamoja na vipimo vya ugenini, itatuza ustadi wa kuwasema watu wasiosikia.

Mwanzo wa elimu hiyo wenyewe waonya. Mwaka 1895 Gustave Le Bon, Mfaransa, aliandika kwamba mtu akiingia katika umati hupungukiwa na akili. Ugogo ungaliweza kumjibu. Katika nchi hiyo ya mvua haba, mwenye mifugo hakupenda kuweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa jamaa na rafiki wa mbali, ili ukame au maradhi yakipiga huku, kusalimike kule. Majirani walialikana kulima, na pombe ikawa shukrani. Hapo kundi lilimwongezea mtu akili. Peter Rigby alieleza maisha hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1969 juu ya ng'ombe na udugu wa Wagogo, lakini kwa Kiingereza. Miaka miwili baadaye, Operesheni Dodoma ilikusanya vijijini kaya zilizokuwa zimetawanyika. Elimu ilikuwa imekwisha kuandikwa. Walakini wengi wa waliohamishwa hawakuweza kuisoma, wala kuisimamisha barazani iwe hoja yao.

Kosa hilo lisirudiwe. Tangu 2016, serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, na zaidi tangu mji huo ulipofanywa jiji mwaka 2018, mashamba yamegeuka viwanja na wageni wamekuwa majirani. Nani humwamini nani katika kikundi cha kuweka na kukopa? Waendesha bodaboda wa kijiwe kimoja humwonyaje mwenzao aliyekosa? Maswali hayo yatosha tasnifu nyingi, na wenye majibu ni hao hao watakaoulizwa.

Yatasemwa kwamba Kiingereza huipeleka tasnifu duniani, na kwamba Kiswahili hakina istilahi. La kwanza ni nusu ya kweli, maana Chamwino nayo ni dunia. La pili ni uvivu uliovaa joho. Istilahi huzaliwa katika matumizi. Na tasnifu za udaktari katika somo la Kiswahili zimekwisha kuandikwa kwa Kiswahili, wala vyuo havikuanguka.

Basi tuzo iwe na masharti matatu. Tasnifu iambatane na muhtasari mpana wa Kiswahili. Matokeo yasomwe mbele ya kundi lililochunguzwa, nalo lipewe nafasi ya kukanusha. Na kanusho hilo liwafikie waamuzi pamoja na tasnifu. Mtaalamu wa makundi anayeliogopa kundi alilolichunguza hajaimaliza kazi yake.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Hawakusema atuzwe aliyekwenda kuisimulia ngoma ya kwao ugenini, akawaacha wachezaji uwanjani hawajui kilichosemwa.