Mzigo Nao Uwekwe Mnarani

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa nchini Tanzania, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, Mkuu wa Majeshi huweka sime, meya upinde na mishale, mkongwe wa vita shoka. Ukiondoa shada la maua la mabalozi, vyote ni zana za mapigano. Ndivyo tulivyokuzwa: shujaa wa vita ni mshika silaha. Uongo mtupu, na sisi wa Mwazye na Ufipa nzima tulipaswa kuwa wa kwanza kuukataa.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipita kwetu: Juni 1916 kikosi cha Waingereza cha Kanali Murray kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kiliwang'oa Wajerumani Namema, kikateremka hadi Bismarckburg, yaani Kasanga. Chakula na risasi zake vilitoka reli ya mbali huko kusini, vikapita Abercorn, Mbala ya leo, vichwani mwa watu. Ratili 50 hadi 60 kila mmoja. Na mpagazi naye hula. Njia ikirefuka, unga unaishia tumboni mwake kabla haujamfikia askari, kwa hiyo atafutwe mwingine wa kumbebea yeye, na wa kumbebea huyo. Ndiyo maana Waingereza peke yao walikusanya wapagazi wapatao milioni moja Afrika Mashariki. Zaidi ya 95,000 walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Risasi iliua wachache.

Sasa tazama Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimikwa 1927. Kibao kinawataja wapagazi, tena kinaahidi kwamba watoto wa waliokufa watayakumbuka majina yao. Majina yenyewe hayapo! Na juu amesimama askari peke yake na bunduki yenye singe. Si kwamba mchongaji hakujua: Nairobi, James Alexander Stevenson huyohuyo alimweka mpagazi sambamba na askari.

Kuhusu makaburi, Gavana Horace Byatt wa Tanganyika alitaka ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi. Hata idadi ya vifo hakutaka kuifikiria. Wazungu waliofia vita hiyohiyo wana mawe yenye majina, yanafyekewa nyasi hadi leo.

Najua jibu linalokuja: walishurutishwa, na vita haikuwa yao. Je, ya askari ilikuwa yake? Yeye aliupigania ufalme wa mtu mwingine, mmoja wa Kaiser wa Ujerumani, mwingine wa Mfalme wa Uingereza, na tumempa sanamu katikati ya jiji.

Mimi sitaki sanamu ing'olewe. Nataka Julai ijayo mkulima wa wilaya yetu ya Kalambo aitwe aweke mzigo wa unga na kata yake chini ya mnara. Itifaki ikimpanga kabla ya sime au baada yake, hilo sina ugomvi nalo.