Stika ya waranti isimtishe mwenye kompyuta

TANGU Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025, mfanyabiashara mwenye kompyuta mpakato ya miaka michache iliyopita yuko njia panda: anunue mpya, au aiongezee nguvu aliyonayo? Kuongeza RAM au kuweka diski ya SSD ni nafuu zaidi. Kinachowatia wengi hofu ni ile stika ndogo juu ya skrubu, inayoonya kwamba ikichanika waranti imekwisha.

Hofu hiyo ina msingi, ila si mkubwa kama wauzaji wanavyopenda ionekane.

Nchini Marekani, sheria ya waranti ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kumlazimisha mteja atumie vipuri au fundi wake pekee ili waranti iendelee kuheshimiwa, isipokuwa anavitoa bure. Aprili 2018 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, iliziandikia kampuni sita kuzionya kuhusu masharti ya namna hiyo, na Julai 2024 ikazionya nyingine, zikiwamo Gigabyte, ASRock na Zotac zinazouza vifaa vya kompyuta. Wakulima nao wanaujua ugomvi huu: Januari 2025 tume hiyo hiyo iliishtaki Deere, watengenezaji wa matrekta ya John Deere, ikidai inawabana wakulima na mafundi wa nje wasiweze kutengeneza mashine kikamilifu.

Hata hivyo, sheria hiyo haimkingi aliyeharibu. Fundi akivunja tundu la RAM, au umeme tuli wa mkononi ukaunguza saketi, mtengenezaji anaruhusiwa kukataa kulipia uharibifu huo. Asichoruhusiwa ni kukataa kutengeneza skrini au kibodi iliyokufa yenyewe, eti kwa sababu tu RAM imebadilishwa.

Sheria ya Marekani haivuki bahari. Kwa mnunuzi wa Kariakoo au Nairobi, cha kwanza kusoma ni karatasi ya waranti aliyopewa dukani. Habari njema ni kwamba HP, Dell na Lenovo huweka kwenye intaneti vitabu vya ufundi vinavyoonyesha jinsi ya kufungua modeli zao, na Lenovo huorodhesha vipuri ambavyo mteja anaruhusiwa kubadilisha mwenyewe. Ukurasa huo ukichapishwa na kuhifadhiwa pamoja na risiti, ni ushahidi mzuri siku ya mabishano.

Kwa kompyuta zilizotumika, mambo ni tofauti. Hapo mara nyingi waranti ya kiwandani imekwisha, na iliyopo ni ya muuzaji. Stika ni yake, na ana sababu: hataki kurudishiwa mashine iliyonyofolewa RAM. Njia salama ni kumtaka yeye mwenyewe aongeze kifaa mbele ya mteja, kisha aandike kwenye risiti namba ya mashine, kilichoongezwa na kwamba waranti inaendelea. Akikataa kuandika, afadhali mteja ajue hilo kabla ya kutoa fedha.

Anayeamua kufungua mwenyewe baada ya kusoma karatasi yake anakili kwanza hesabu zake, anazima mashine, anachomoa chaja na kutenganisha betri. RAM za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, kwa hiyo aina iliyomo ithibitishwe kabla ya kununua. Kifaa cha zamani kisiuzwe. Mashine ikiharibika, kirudishwe mahali pake kabla ya kuipeleka kwa wenye waranti, maana kilichoongezwa kina waranti yake kwa aliyekiuza. Baadhi ya kompyuta nyembamba, zikiwamo MacBook za sasa, RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, hizo haziongezwi.

Limebaki suala la fedha. Bei ya RAM imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, baada ya Samsung, SK Hynix na Micron kuelekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Kwa mashine ambayo bado ina diski ya kuzunguka, SSD pekee huenda ikatosha kuondoa uzito unaomkera mwenye duka. Lakini ikiwa prosesa ya Intel ni ya kizazi cha saba au chini yake, karibu zote haziko kwenye orodha ya Windows 11, na RAM yoyote atakayonunua haitabadilisha hilo.